Karani Nereida na Mkimbio wa Thelathini na Tisa

Kila siku ya mechi, kabla hajakaa kwenye kiti chake katika chumba kidogo juu ya uwanja wa Barahona, Nereida Féliz alichonga penseli mbili kwa kisu cha jikoni, akaving'ata vifutio vyake na kuvitema dirishani. Miaka ishirini na miwili ya ukarani wa besiboli, kuandika kila mkimbio na mwenye nao, mwendo ule ule. "Aliyeona hafuti," alikuwa akisema, na waliokaa chini ya dirisha walijua kuziba vikombe vyao vya kahawa.

Jumapili ya mwisho wa msimu, mji mzima ulikuwa ukihesabu kitu kimoja. Radhamés Cuevas, mtoto wa pale pale, alikuwa amezunguka vituo vyote na kurudi nyumbani mara thelathini na nane, sawa na kijana mmoja wa mji mkuu ambaye mechi zake zilikuwa zimekwisha. Mkimbio mmoja tu, na taji la mwenye mikimbio mingi lingekuja Barahona kwa mara ya kwanza.

Zamu ya mwisho, Radhamés aliupiga mpira hadi ukutani. Akafika kituo cha pili, akaanguka, akakishika kifundo cha mguu. Kocha akamtoa, akamwingiza Danilo Matos, aliyekalia benchi tangu Oktoba, amalizie mbio kutoka kituo hicho. Mwenzao akaupiga mpira uliofuata. Danilo akatimka, akajirusha kwa tumbo juu ya kituo cha nyumbani. Uwanja ukalipuka: "Thelathini na tisa! Thelathini na tisa!"

Nereida akaandika: Matos, mmoja.

Peguero, meneja wa klabu, akapanda ngazi akihema. "Doña Nereida, umekosea jina."

"Sijakosea. Anayefika nyumbani ndiye anayeandikiwa. Sheria hiyo uliikuta."

"Na aliyefika kituo cha pili ni nani? Watu washaanza kupiga ngoma huko chini!"

"Wapige. Ngoma haijui kuandika."

"Mama, usinitie aibu. Andika Cuevas, ama kesho usikanyage hapa."

"Kesho hakuna mechi, Peguero. Uwe unasoma ratiba."

"Basi hata msimu ujao!"

"Hapo sasa umesema." Akatia saini, akaikunja karatasi ya matokeo aipeleke mwenyewe ofisi ya ligi, akamwekea ufunguo wa chumba mezani.

Kwenye ngazi walimzomea. "Kanunue miwani, bibi!"

"Ninayo, na suruali yako imechanika nyuma!"

Langoni, kando ya karai la maandazi, alisimama Milvia, mama yake Radhamés, jirani wa Nereida wa ukuta kwa ukuta. Yeye hakuzomea. Alijifuta mikono kwenye aproni, macho mekundu.

"Shoga yangu, mwanangu kakimbia msimu mzima, na mguu kauumizia hapa hapa. Huo mmoja ungekupunguzia nini?"

"Mimi, hakuna," Nereida akasema. "Ila ni wa Danilo, na msimu mzima hana mwingine."