Benki Isiyo na Mlango

Jamani, leo mama yangu kapiga hodi kwenye simu. 😅

Nimepanda kwake mlimani kumfungulia akaunti ya akiba kwenye benki ya mtandaoni, ile isiyo na tawi hata moja.

"Sasa kama haina mlango, hodi napiga wapi?"

Nikamwambia aangalie kamera tu. Mara ukungu ukashuka kwenye kabichi zake, simu ikagoma: uso hauonekani.

Tukasubiri. Weupe mtupu, mto tu unasikika kule chini. Nilitamani ukungu ule usiondoke.

Ulipopungua, Mama akaisogelea simu. "Hodi!"

Skrini ikaandika: Karibu.

Mngemuona alivyocheka!

Kuna akaunti ya kutoa hela muda wowote, na ile inayofungwa mwaka mzima. Nikamshauri ya kwanza, maana mbolea haisubiri.

"Funga," akasema.

Simu ikauliza akiba ni ya nini. Nikaanza kuandika mabati ya paa lake.

Akanishika mkono. "Andika chumba cha Neema. Kwetu shamba linamfuata binti, ndiye mrithi. Siku ukirudi utalala wapi?"

Neema ni mimi.

Nimeshafika mjini, ila bado niko ndani ya ule ukungu.

Wewe, kwenu bado una chumba?