Mama Alisimama Wima Mbele ya Kamera

Enzi zetu sisi watoto wa kando ya Ziwa Nyasa, kupigwa picha ilikuwa kazi ya kutoa jasho. Mpiga picha alikuja na baiskeli msimu wa sikukuu, akatupanga kwa vimo mbele ya shuka lililotundikwa ukutani, kisha akatoa amri: usicheke, usipepese macho, usijikune. Ukicheka umeharibu picha ya ukoo mzima, na nyumbani utaipata. Ndiyo maana ukifungua albamu ya mtu wa rika langu, utadhani wote walikuwa foleni ya kuchomwa sindano.

Nayakumbuka hayo kila nikimtazama Faraja, binti wa kaka yangu Kaspari, ninayeishi naye hapa Mbinga mjini. Huyu huipiga picha chai hadi inapoa. Jioni hukodolea macho kipindi cha runinga cha vijana waliofungiwa kwenye jumba moja na kamera. Wanagombana, wanapendana, wanalia bila kuharibu wanja. Nikisema wanaigiza, ananikatalia kwa adabu zote.

"Hawaigizi, Shangazi. Hayo ndiyo maisha yao halisi."

Basi nikamweleza kwamba hata sisi tuliwahi kurekodiwa maisha halisi. Nilikuwa darasa la tatu. Wageni wa mradi fulani wa uvuvi walikuja na kamera ya video, wakamwomba Baba watuone tukianika usipa, wale samaki wadogo wa ziwani kwetu, kama tunavyofanya siku zote.

Siku zote zilikuwaje? Mchanga ulichoma nyayo, tukawa tunarukaruka kutoka chanja hadi chanja huku tukitafuna usipa kwa kuiba. Shombo ilituingia hadi kwenye sare za shule. Mama aligeuza samaki huku akiimba nyimbo za kwaya, akikatiza ubeti kufukuza kuku, kisha akiendelea palepale alipoachia. Wanunuzi walioteremka kutoka vijiji vya milimani, Ukata na Namswea, aliwatania mmoja mmoja, naye akicheka alijishika mbavu. Sijawahi kumwona mtu asiyejua kutulia kama yule.

Lakini aliposikia habari za kamera, akatuogesha wote. Kaspari alivishwa shati jeupe la komunyo ya kwanza, mimi gauni la Pasaka, yeye mwenyewe kitenge ambacho hakikuwahi kuonja jua la siku ya kazi. Mgeni mmoja alijaribu kusema nguo za kila siku zingefaa zaidi. Mama alimwamkia vizuri, akamkaribisha kiti, akamuuliza, "Mgeni anakuja na mashine yake, sisi tumpokee na magamba usoni?" Yakaisha.

Mama alifariki kabla sijamaliza shule ya msingi. Sura yake ninayo kwenye picha mbili, lakini sauti ilikuwa inanitoka kidogo kidogo, hadi mwaka jana nikawa siikumbuki kabisa. Hilo liliniuma kuliko ninavyoweza kueleza. Kwa hiyo Kaspari aliponitumia kwenye simu ile video ya zamani, iliyopatikana kwa mwalimu mmoja mstaafu, sikuthubutu kuifungua peke yangu. Nilimwita Faraja tuangalie pamoja.

Tulicheka, kisha mimi nikaacha kucheka. Tulikuwa tumepangwa kwa vimo mbele ya chanja, tumebana pumzi, maana nani alituambia kwamba kamera hii inataka watu watembee? Mama alisimama wima, mikono imekunjwa, mdomo umefungwa. Usipa haukuguswa. Upepo tu ndio uliofanya kazi siku ile. Mwanamke yule mpole, mkimya, sikumfahamu.

Mwishoni mgeni alisikika akisema asanteni, tumemaliza. Kumbe alisahau kuzima. Kamera ikaning'inia mkononi mwake, ikawa inaonyesha mchanga na miguu ya watu, na hapohapo sauti ikapasuka.

"Kaspari, vua hilo shati upesi, kuku wanamaliza usipa!"

Kisha kicheko, kirefu, cha mtu aliyejishika mbavu, na kipande cha wimbo wa kwaya kilichoanzia katikati ya ubeti. Picha ikakatika. Nililia mbele ya mtoto bila aibu.

Faraja alichukua simu, akairudisha video pale ilipoonyesha mchanga, akasikiliza tena sauti ya bibi ambaye hakumkuta.

Siku hizi nikimsikia jikoni akiosha vyombo, akiimba kwa sauti ya kukwaruza na kujichekea peke yake, natamani kumrekodi kwa kuiba. Simu yake imejaa picha zake, zote mdomo umebinuliwa namna moja. Wajukuu zangu watakapotaka kumsikia Faraja huyu wa jikoni, sijui watamtafuta wapi.