Nanaa Chini ya Kawa

Nichekeni tu, nastahiki. Ijumaa nilikwenda Chokocho kusikiliza jibu la posa yangu kwa Asha. Kwa kuwa siasa za siku hizi zinagombanisha watu, nikaona bora tuzungumzie tumbo. Babake, Mzee Faki, akalalamika lake limejaa gesi.

Mkekani palikuwa na bakuli la maji moto lililofunikwa kawa, likinukia nanaa. Mimi, mwalimu mzima, mjuzi wa kila kitu isipokuwa kuuliza, nikajaza vikombe viwili.

“Kunywa taratibu, mzee wangu. Nanaa haitaki haraka.”

Akanywa, akacheua. “Mashaallah, mwalimu! Nitilie tena.”

Nikatilia, nikijiona mkwe tayari. Mkewe akaingia akichechemea, kitambaa mkononi, akafunua kawa.

“Nani kapunguza maji yangu? Nimekanda goti moja tu, la pili bado!”