Kikapu Kilichomeza Majina ya Kikwe

Mjukuu wangu, siku ile bado naikumbuka. Nilikuwa mfagiaji kwenye ofisi ya mbegu hapa Kimandolu, miaka ile biashara zilipofunguliwa na kompyuta zikaanza kuingia mjini. Nina darasa la nne tu, lakini karani wetu, Mama Eliaichi, alinifundisha kuchapa. Niliringa, we! Nikachapa majina ya kaya za kwetu Kikwe zilizounguziwa mahindi na jua, zipelekewe mbegu kesho yake. Karatasi niliyonakilia majina hayo nikawashia moto wa chai. Si nimemaliza?

Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na kapicha ka kikapu. Sisi Wameru kikapu ni cha ndizi na maharage. Taka tunatupa migombani. Nikaona humo ndimo salama. Nikayasukumia majina yote ndani.

Asubuhi lori limeshapakiwa, Mama Eliaichi anatafuta orodha, haipo.

"Majina uliyaweka wapi?"

"Kwenye kikapu."

Akashika mdomo. "Mama wee! Kile ni cha taka. Nimekimwaga sasa hivi!"

Mwanangu, mkojo ulinitoka kidogo, sikufichi. Meneja alishasema, bila orodha lori linakwenda kijiji kingine. Nikanyata kuelekea mlango wa jikoni. Mama Eliaichi akanidaka kanga.

"Unakimbia, wakale nini? Si kwenu kule? Yataje!"

Nikafumba macho, nikafuata akilini mfereji wetu wa maji kule Kikwe, nikitaja nyumba kwa nyumba, yeye akichapa. Lori likaondoka kwenda Kikwe.

Jioni nikiwa nafua ndipo nikamkumbuka Mama Anaeli, mjane, nyumba ya mwisho kabisa. Sikuwa nimemtaja. Shamba lake lilikaa tupu msimu mzima. Nilipokutana naye alinisalimia tu. Afadhali angenitukana. Mpaka leo nikilala namwona.

Sasa wewe mjukuu wangu unachora vipicha vya kubonyeza kwenye simu, na mimi natamba nawe kanisani kote. Lakini sikia: kabla hujachora kikapu, muulize atakayekigusa, kwao kikapu ni cha nini. Usimcheke akikosea, huenda picha yako ndiyo imemdanganya. Na kitu cha watu usikimwage kabla hujatazama ndani.

Haya, nenda. Mungu aibariki mikono yako, na pasibaki nyumba ya mwisho kwenye mfereji iliyolala njaa kwa sababu ya kazi yako.