Nilipangiwa kundi la utafiti wa upasuaji, nikalibadilisha wodini kama mbuzi wa mnadani

Wakuu, natumaini mko salama huko mliko.

Ninachoandika hapa sikusimuliwa na mtu. Kovu ninalo pajani, na anayebisha apite mnadani Karatu aulizie dalali aliyepigwa pembe, ataletwa mpaka nilipokaa. Kuangalia ni bure. Kugusa tutaongea.

Mimi ni dalali wa ng'ombe. Mzaliwa wa Endamarariek, makazi Karatu mjini. Kati ya nyumba yangu na hospitali kuna mashine ya kusaga na kanisa, basi.

Kazi yangu ni kuhesabu. Nahesabu ng'ombe wakishuka, nahesabu tena wakipanda lori. Siku hiyo nilikuwa kwenye hesabu ya pili, dume wa mwisho akaona namchelewesha. Akanibana kwenye ubao wa lori, pembe ikazama pajani.

Mnunuzi akauliza kama bei inashuka, maana ng'ombe ameonekana mkorofi. Nikiwa chini vilevile nikamwambia haishuki, huo siyo ukorofi, hiyo ni afya.

Hospitali nilipokelewa na daktari wa kike, tumwite Dokta Neema. Ni resident, yaani daktari kamili aliyerudi shule kusomea ubingwa wa upasuaji, na mafunzo yake yamemleta huku kwetu. Nyuma yake husimama bingwa anayemsimamia, mtu mzima wa maneno machache, mikono kaifunga kifuani.

Kabla ya kulazwa usingizi nikauliza, anayenishona ni nani, mwalimu au mwanafunzi?

Bingwa akasema, "Anashona yeye. Lawama nabeba mimi."

Nikaona hiyo biashara ina mdhamini. Nikalala.

Niliamka wodini. Kitanda cha jirani yupo mfugaji wa Olbalbal, kule ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, jina lake Lemayian. Alikuwa kwenye pikipiki amempakata ndama, mchanga ukawaangusha, chuma kikampasua muundi. Ndama alisimama, akajikung'uta, akaenda kunyonya. Lemayian ndiye aliyeletwa Karatu.

Tukazoeana haraka. Yeye ananiita Dalali, mimi namwita Mteja, ingawa hajawahi kuninunulia kitu.

Siku moja kabla ya kuruhusiwa, Dokta Neema akaja na bahasha zilizofungwa. Akatueleza kwamba anafanya utafiti, na ndio utakaomtoa shuleni akiwa bingwa. Wagonjwa wa ajali wakishashonwa, kundi moja linarudi hospitali kidonda kiangaliwe kwa macho. Kundi lingine linabaki nyumbani na kuulizwa kwa simu. Anataka kujua kama simu inawahi kukamata kidonda kinachoanza kuoza sawa na macho.

"Sawa," nikasema, "mimi nipe la simu."

"Huchagui, Baba Joyce. Hata mimi sichagui. Bahasha ndiyo inachagua."

"Daktari, mimi sijawahi kununua mbuzi kwenye gunia."

"Hapa hununui. Hata ukikataa kuingia, utatibiwa vilevile."

"Na nikikubali, cha nyongeza ni nini?"

"Shukrani."

"Ziongeze kidogo."

Akacheka, akanipa kalamu nisaini.

Lemayian hakuwa na mzaha. Aliuliza swali moja tu: "Mguu wangu utatembea?"

Daktari akaacha kucheka. Akamwambia utatembea kama kidonda kitakuwa safi. Kikioza tukachelewa kujua, mguu unaweza kuondoka.

Wakuu, kwa mtu wa Olbalbal hilo siyo jambo la kusikia ukiwa umelala. Kiangazi maji yako mbali, ng'ombe hawaendi peke yao. Mfugaji asiye na mguu anabaki bomani akisimuliwa habari za mifugo yake.

Ghafla Dokta Neema akaitwa, kuna gari limepinduka barabarani, majeruhi wanaingia. Akatuachia bahasha zetu, akasema karani atapita kutuandikisha.

Tukafungua.

Mimi nikapata simu. Lemayian akapata kurudi hospitali.

Hebu tazameni wenyewe. Mimi niliye nyuma ya kanisa nipigiwe simu, na yeye wa Olbalbal apande na kushuka ile milima kila wanapomhitaji. Nikamwambia, "Mteja, hii bahasha imekosea njia."

Akaigeuza karatasi yake. "Tubadilishane."

Hapo ingekuwa watu wa kawaida wangebadilishana tu. Lakini dalali na Mmasai hawawezi kubadilishana kitu bila mmoja kudai cha juu.

"Yangu ina thamani," nikasema. "Inakuokolea safari."

"Yako ni maneno ya simu. Yangu unaonwa na daktari. Wewe ndiye uongeze."

"Niongeze wakati nakusaidia?"

"Kama unasaidia, mbona unataka cha juu?"

Tuliendelea mpaka mgonjwa wa kitanda cha dirishani akatuomba tumalize apate kulala. Tukafunga kwa chapati yangu ya asubuhi, na yeye akanipa chai yake. Karani alipopita, kila mtu akaandikwa kwa karatasi aliyoshika mkononi. Yakaisha.

Nilijiona mjanja. Niliona nimefanya kitu ambacho wasomi walisahau: nimempa kila mtu kilichomfaa.

Nikawa narudi hospitali bila shida. Kidonda changu kikawa kinapendeza. Kila nikienda namuuliza Dokta Neema habari za Mteja, ananiambia amempigia, anaendelea vizuri. Basi roho yangu kwatu.

Ziara moja nilimkuta ana kazi nyingi. Alikuwa amevaa glavu, anabonyezabonyeza kovu langu na kutoa nyuzi zilizobaki. Akakumbuka muda wa kumpigia Lemayian umefika. Akaniomba nimbonyezee simu iliyokuwa mezani, niweke loudspeaker, nimshikie.

Lemayian akapokea.

"Unaendeleaje?" Daktari akauliza.

"Nzuri."

"Kidonda?"

"Kizuri."

"Homa huna?"

"Nzuri tu."

"Haya, asante sana, endelea na dawa."

Hapa ndipo siku zote simu ilipokuwa ikikatwa. Lakini mikono ya daktari ilikuwa kazini, na mimi simu siyo yangu, nitaikataje? Ikabaki hewani.

Lemayian naye akaendelea na salamu zake. Akauliza habari za daktari, akajibiwa nzuri. Akauliza za wazazi wake, nzuri. Akasema ng'ombe wazima, watoto wazima, mvua bado. Kisha akavuta pumzi, kama mtu aliyemaliza kufungua geti, akasema:

"Sasa habari yenyewe. Mguu umevimba mpaka goti. Unatoa maji, na mbwa wananifuata."

Dokta Neema akasimama na mkasi wake juu ya paja langu.

"Lemayian, mbona siku zote unaniambia nzuri?"

"Daktari, wewe unauliza, halafu unaondoka kabla hatujasalimiana. Nitakuambiaje ugonjwa kwenye salamu?"

Wakuu, nyote mnajua hii. Mtu yuko hoi kitandani, ukimuuliza habari anasema nzuri, halafu ndiyo anaanza kukueleza anavyokufa. Daktari naye anajua, kakulia hukuhuku Tanzania. Ila ana orodha ya kupiga na wodi imejaa, akachukua "nzuri" kama jibu.

Nilikuwa nikimsikitikia daktari mpaka Lemayian alipoongeza, "Na mwambie Dalali chapati yake haikuwa bei. Ile karatasi ya kuja hospitali ningebaki nayo."

 Daktari akaniangalia. Mimi nikaangalia simu.

"Karatasi gani, Baba Joyce?"

Nikaeleza. Hakunipigia kelele, ningependa angepiga. Alivua glavu, akasema, "Utafiti tutaongea baadaye. Huyo mtu awe hapa leo. Wewe unajua magari, mlete."

Hapo nikawa kwenye uwanja wangu. Geti la Lodoare likishafungwa jioni hakuna anayetoka hifadhini, na saa ilikuwa imeshakwenda. Nikampigia dereva mmoja wa watalii, jirani yangu, najua alikuwa anarudi kutoka Serengeti na njia yake inapita juu ya Olbalbal.

"Dalali, nimebeba wageni wawili, wazee. Wamelipia gari zima."

"Wamelipia viti vyote wanakalia viwili. Nakuomba kimoja."

"Niwaambie nini?"

"Waambie ukweli. Kuna mtu mguu unaoza."

Nikasikia Kiingereza kinapita huko. Akarudi hewani. "Wanasema tangu wafike wameonyeshwa pundamilia tu, hawajakaa na mwenyeji hata mmoja. Wanauliza anasubiri wapi."

Tukampigia Lemayian, ndugu zake wakampandisha kwa pikipiki mpaka barabara kuu. Mimi huku mjini nazunguka na simu kama mwenye ng'ombe waliochelewa kurudi. Baadaye dereva akaniambia walifika getini askari ameshashika kizuizi kukishusha. Mama wa kizungu akatoa kichwa dirishani akamwomba kwa Kiswahili chake cha kitabuni. Askari akaona kumjibu kutachukua muda kuliko kumpitisha.

Lemayian akashuka hospitali kabla giza halijaingia, yule mama nyuma yake kamshikia fimbo.

Alipelekwa thieta moja kwa moja. Bingwa akasimama palepale pake, mikono kifuani, akamwachia Dokta Neema afungue. Wakatoa uchafu, wakaosha, wakaacha wazi bila kushona. Nilikaa kwenye benchi nje na dereva. 

Dokta Neema alipotoka akasema, "Mguu upo. Wiki nyingine ningetoka na maneno tofauti."

Nilimshukuru.

Kesho yake bingwa akatusimamia kitandani kwa Lemayian.

"Nani alianzisha?"

"Mimi nilileta hoja," nikasema, "yeye akaleta bei."

"Tunafukuzwa kwenye utafiti?" Lemayian akauliza.

"Hapana. Huyu alipangiwa simu, atahesabiwa simu, hata kama amekuja kwa miguu. Na wewe utahesabiwa wa kurudi. Mlichofanya tutakiandika na kamati ya maadili itaambiwa."

Nikasema, "Kwa hiyo ng'ombe wangu akipanda lori la jirani, bado ni wangu."

"Ni wako."

"Hiyo hesabu naipenda."

Dokta Neema akaingilia. "Usiipende sana. Mkibadilishana malori wengi, sitajua kamwe lori lipi linafikisha ng'ombe wazima. Na swali lenyewe lilikuwa hilo."



Siku hizi bahasha inafunguliwa mbele ya daktari na karani anaandika hapohapo. Na anayepiga simu haruhusiwi kukata mpaka mgonjwa mwenyewe aage. Dokta Neema analalamika bando la dakika linaisha kabla ya orodha kwisha, lakini amekubali. Utafiti bado unaendelea, kwa hiyo msiniulize macho yameshinda au simu. Sijui, na yeye anasema hajui.

Mwezi huu Lemayian amekuja mnadani. Nilimwona kwa mbali anakuja na ng'ombe wake. Nikamwambia asimame, atembee kuelekea kwangu, ageuke, aende, arudi tena, kama ninavyokagua mnyama kabla sijamtajia mtu bei.

"Unanunua?" akaniuliza.

Hachechemei, wakuu. Nilimtembeza mara ya pili kuhakikisha.

Somo nililopata: kuna vitu ukivichukua kama vilivyo bila kupatana, unamsaidia mtu usiyemjua, na bahasha ya utafiti ni kimojawapo. Na ukipigiwa simu na daktari, anza na ugonjwa. Salamu zitafuata, ng'ombe hawaendi popote.

Madaktari mliomo humu, nirekebisheni nilipochapia. Na waliowahi kuingia kwenye utafiti wa hospitali watuambie waliangukia kundi gani, na kama kuna aliyejaribu kuongeza cha juu. Nipo nasoma.