Ripoti Iliyosema Maharage Sifuri

Mpaka leo nikikumbuka siku ile damu inanichemka. Shule niliishia darasa la nne, lakini maghala mawili, la Nyakahura na la Bisibo, nimeyajenga kwa jasho langu, na kompyuta nimejifunza bila mwalimu. Sasa nafungua ripoti ya mzigo, natafuta maharage, inaniambia sifuri! Nikajua tu: shemeji yangu Deo, anayetunza ghala la Nyakahura, kaniibia.

Nikawasha pikipiki, kompyuta begani, nikampitia mgambo, tukaenda moja kwa moja hadi ghala la Nyakahura. Ilikuwa siku ya mnada, watu wamejaa.

"Mwizi huyu!" nikapayuka. "Dada yake namlisha, yeye ananimaliza!"

"Shemeji," Deo akasema kwa upole, "kwenye hiyo ripoti umechagua ghala gani?"

"Unifundishe wewe? Kompyuta ulininunulia wewe? Fungua ghala, watu wote waone utupu!"

Mgambo akamkamata mkono. Deo akafungua kwa mkono uliobaki. Magunia ya maharage yalikuwa yamepangwa mpaka kwenye bati.

Nikaitoa kompyuta kwa hasira. Juu ya ripoti kumeandikwa Bisibo! Asubuhi nilikuwa naangalia mahindi ya kule, ambako hatujawahi kuweka hata punje ya haragwe, na sikubadilisha jina la ghala. Mashine ilinijibu nilichouliza. Mjinga mimi!

"Ingia, shemeji," Deo akasema, machozi yakimlengalenga, "uwaoneshe huo utupu."

Mnada mzima ukaangua kicheko. Mgambo, kamba mkononi, akanigeukia.

"Bosi, sasa nimfunge nani?"