Usukani wa Gari la Kaka

Kaka yangu alinunua gari la michezo miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, wakati magari yaliyochoshwa Japani yalipoanza kumiminika nchini na sisi tukayapokea kama mapya. Lilikuwa jekundu, la milango miwili, limelala chini kiasi kwamba kila tuta la mtaani kwetu Elerai liliparuza tumbo lake. Watu walitoka nje kulitazama.

Mimi nilikuwa fundi. Karakana ya umma niliyoitumikia miaka kumi na minne ilikuwa imeuzwa, sisi tukapunguzwa, nami nikajenga banda la mabati nikaanza kutengeneza magari ya watu. Kaka aliuza redio na vitambaa mjini. Alipenda kuniambia mbele za watu kwamba serikali ilinifanyia hisani kunifukuza.

Alhamisi moja asubuhi aliliingiza gari bandani.

"Usukani umekuwa mzito," alisema, hata salamu hakuna. "Hasa asubuhi. Na nikikata kona kali linakoroma kama ng'ombe."

Nilianza na upepo wa matairi, maana tairi laini nalo hufanya usukani kuwa mzito. Ulikuwa sawa. Nikainua mbele kwa jeki, injini imezimwa, nikazungusha usukani toka mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na kukwama, kwa hiyo viungo vilikuwa vizima. Ugonjwa ulikuwa kwenye pawa, yaani mfumo wa oili unaolainisha usukani. Nilipofungua kikopo cha oili yake, oili ilikuwa imeshuka chini ya alama, nyeusi, inanuka kuungua. Nikachovya kidole, nikanusa tena.

"Kaka, nani aliongeza oili ya breki humu?"

"Mimi. Si oili zote ni oili?"

Nikaingia uvunguni. Stelingi boksi, ile inayogeuza magurudumu, ina raba za mikunjo kila upande, na zikiwa nzima ndani yake huwa pakavu. Niliminya ile ya kushoto, oili ikanichuruzikia mkononi hadi kwenye kiwiko. Sili za ndani zilikuwa zimetafunwa na oili ya breki. Mkanda wa pampu ya oili hiyo nao ulikuwa umepasuka pasuka.

Nilitoka nikamweleza polepole, kama ninavyomweleza mteja yeyote. "Inavuja. Siku oili ikiisha, pampu itazunguka kavu, itajikamata, mkanda utakatika. Usukani utakuwa jiwe, na huwezi kujua utakuwa kwenye kona gani. Niachie hadi Jumatano nitafute stelingi boksi nyingine."

"Jumamosi tunapeleka posa Oldonyo Sambu. Wewe mwenyewe unajua."

"Twendeni wote na pikapu."

"Niingie kwa wakwe wa mwanangu na pikapu? Jaza oili, nipe ufunguo."

Nilijaza oili. Hilo sitalificha. Nilimwambia ni ya kumfikisha nyumbani tu, lakini nilijaza, na ufunguo nikampa.

Jumamosi alikwenda nalo. Mama, ambaye alikuwa akiishi kwake, alikaa mbele. Mimi na wajomba wawili tulifuata na pikapu iliyobeba mablanketi na zawadi nyingine. Posa ilipokelewa vizuri. Tulikula, tukaombewa. Wakati wa kuaga niliona chini ya gari jekundu vumbi limelowa, doa pana kama sinia. Nikamsogelea kaka, aliyekuwa amesimama na mama, nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Kaka, angalia chini. Mama apande pikapu, na hili liache hapa."

Wakwe walikuwa wamesimama karibu. Kaka akacheka kwa sauti ili wasikie. "Huyu mdogo wangu ni mwoga. Ndiyo maana hata kazi ya serikali ilimshinda."

Wakacheka. Mama hakucheka, lakini aliingia ndani ya gari, kwa sababu mtoto wake wa kwanza alikuwa amemfungulia mlango.

Tulikuwa nyuma yao tukiteremka kuelekea mjini. Kwenye kona ya tatu niliona magurudumu ya mbele yanaanza kugeuka, kisha yanaganda. Gari lilikwenda moja kwa moja, likatoka barabarani, likaingia mtaroni kwa upande wa kushoto, upande wa mama.

Kaka alitoka mzima, akashika kichwa. Mama alikuwa amebanwa na mlango, nyonga imevunjika. Hakulia. Nilipokuwa nikimtoa, alinishika kola ya shati.

"Usimseme kaka yako," alisema. "Wakwe wakijua, watasema ukoo wetu hauna akili. Mtoto wake atakosa mke."

"Mama, nilimwambia."

"Nilikusikia. Nyamaza hivyo hivyo."

Wiki iliyofuata ukoo ulikaa sebuleni kwa kaka. Mjomba mkubwa aliuliza gari lilikuwa na nini. Kaka alitazama zulia. "Nililipeleka kwa fundi Alhamisi," alisema. "Akajaza oili, akanirudishia." Kila neno lilikuwa kweli. Wote wakanigeukia. Mjomba akaniuliza kama nina la kusema, nikasema sina.

Harusi ilifanyika. Nilipewa kiti nyuma, karibu na wapishi. Habari zilishuka mjini kabla ya Pasaka: yule fundi wa Elerai aliyemvunja mama yake. Wateja wangu hawakuniambia kitu, waliacha tu kuja. Nilifunga banda, nikahamia Nduruma, nikawa natengeneza pampu za maji za wakulima.

Mama alitembea kwa mkongojo miaka mitatu, kisha akafariki. Kila nilipomtembelea nilingoja aseme kwamba sasa yatosha, naweza kusema. Alinipa chai, akaniuliza habari za watoto. Siku ya mazishi kaka mwenyewe alisoma wasifu wa mama, akataja ajali kwa sentensi moja, akainua macho akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyekwisha kunisamehe. Waombolezaji nao wakanitazama. Mke wangu alinibana mkono, akaninong'oneza, "Sema sasa." Nilikuwa na miaka arobaini na sita, nimevaa suti ya kuazima, na mdomo wangu haukufunguka.

Kaka bado yuko hai. Tukikutana kanisani hunipa mikono yote miwili, nami namwamkia shikamoo, naye huitikia marahaba kwa furaha ya kweli. Nadhani amesahau. Nadhani sasa anaamini ni mimi.